Nakshi za Damu na Sukari: Matembezi Kando ya Mto Thames

Ukishuka kwenye stesheni ya Waterloo jijini London ukafuata umati uelekeao mtoni, punde si punde utafika kwenye bustani ya nyasi iitwayo Jubilee Gardens. Wageni wengi hawaitazami. Macho yao huwa juu, kwenye gurudumu kubwa la kuutazamia mji, na miguu yao huwa kwenye foleni ya tikiti. Ng'ambo ya daraja la reli limesimama jumba la muziki, Royal Festival Hall, na mbele yake mto Thames unapita na maji yake ya rangi ya chai ya maziwa. Hapo ndipo nilipozoea kutembea mwaka jana, nikisukuma kigari cha mtoto mchanga. Nilikwenda kumlea mpwa wangu baada ya kujifungua, na arubaini ilipokwisha tukaanza kutoka nje kidogo kidogo.

Mpwa wangu hufanya kazi katika maabara ya hospitali, na kazi yake ni kupima damu za watu. Siku moja tulipokaa kwenye benchi kupumzika alisema, "Mama mdogo, hapa kando ya mto palikuwa na mkahawa. Watu walikula chakula chao wamezungukwa na mapazia yaliyotoka maabara." Nilidhani ananitania. Lakini jambo lenyewe ni la kweli na limeandikwa, na kadiri nilivyolifuatilia ndivyo nilivyoona kwamba linatuhusu sisi wanawake wa pwani kuliko wale waliokuwa kwenye foleni ya gurudumu.

Mwaka ulikuwa 1951. Uingereza ilikuwa imetoka vitani miaka 6 nyuma, na ingawa ilishinda, mji huu ulikuwa bado na viwanja vitupu vilivyoachwa na mabomu. Nguo zilikuwa zimeuzwa kwa mgao tangu 1941 hadi 1949. Nyama ilikuwa bado ni ya mgao. Katika hali hiyo serikali ikaandaa maonyesho makubwa, Festival of Britain, ili watu waone kwamba maisha yanaweza kuwa na rangi tena. Yalifunguliwa mwezi wa Mei yakafungwa Septemba, na watu wapatao milioni 8 na nusu walifika kwenye uwanja huu wa kusini mwa mto. Miongoni mwa majengo yake ulikuwamo mkahawa ulioitwa Regatta. Zulia, mapazia, sahani, vyote hivyo vilipambwa kwa nakshi ambazo hakuna jicho la mwanadamu lililowahi kuziona moja kwa moja.

Aliyelitoa wazo hilo alikuwa mwanamke. Jina lake Helen Megaw, mzaliwa wa Dublin mwaka 1907, mtaalamu wa fuwele katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ambaye kabla ya hapo aliwahi kusomesha wasichana shuleni kwa miaka kadhaa. Chembe ya chumvi ni fuwele, na chembe ya sukari vilevile. Ukiisogeza karibu na jicho utaona ina pande zilizonyooka kama iliyokatwa na sonara. Unyoofu huo wa nje unatokana na mpango wa ndani. Atomi zimepangwa safu kwa safu, na kila safu ni sawa na mwenzake.

Mpango huo hauonekani hata kwa hadubini ya kawaida, maana atomi ni ndogo mno kuliko wimbi lenyewe la mwanga. Wataalamu hulazimika kutumia eksirei. Huipitisha kwenye fuwele, nayo hutawanyika na kuacha madoa juu ya filamu. Kutokana na mahali pa kila doa na uzito wake hupigwa hesabu ndefu, na zamani hizo zilipigwa kwa kalamu na karatasi kwa miezi na miaka. Kinachopatikana ni mchoro unaofanana na ramani ya milima: mviringo ndani ya mviringo, mistari ikisongamana kuelekea pale ilipo atomi.

Megaw alizitazama ramani hizo akaona kitambaa. Sijui kwa nini wanaume waliokuwa wakizichora kwa miaka mingi hawakukiona, ila labda hawakuwahi kushika sindano. Siri yenyewe ni marudio. Fuwele ni kipande kimoja kidogo kilichorudiwa kulia na kushoto, juu na chini, bila kukosea. Mwanamke aliyeshona kofia ya vito au kusuka mkeka wa ukili analijua hilo kwa vidole vyake. Na mchapaji wa vitambaa hafanyi zaidi ya hayo: huchora kipande kimoja, kisha hukirudia mpaka jora liishe. Yale ambayo msanii huyatafuta kwa taabu, yaani kipande kikutane na mwenzake pasionekane kiungo, fuwele imeumbwa nayo.

Mwaka 1946 alipeleka pendekezo lake kwa wabunifu, wala halikuzaa kitu. Mwaka 1949 mtaalamu mwenzake, Kathleen Lonsdale, aliligusia katika mhadhara mbele ya wasanii wa viwandani. Huyu Lonsdale alikuwa mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kukubaliwa katika jumuiya kuu ya wanasayansi wa Uingereza, mwaka 1945. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Mark Hartland Thomas, ofisa wa baraza la ubunifu wa viwanda, naye akaliona. Viwanda 28 vikakusanywa katika kundi lililoitwa Festival Pattern Group, na Megaw akawa mshauri wao wa sayansi: yeye ndiye aliyekusanya michoro kutoka kwa wenzake na kuwaeleza wabunifu maana yake.

Sasa tazama ni michoro gani iliyokusanywa. Ulikuwamo wa himoglobini, uliotoka kwa Max Perutz wa Cambridge. Kila mama aliyewahi kuhudhuria kliniki ya wajawazito amelisikia neno hilo. Ni ile rangi nyekundu ya damu ibebayo hewa, ile ambayo muuguzi huipima na kukuambia ule mchicha na maini. Ilikuwamo asidi ya boriki, unga uleule ambao baadhi yetu tunauweka nyuma ya jiko kuulia mende. Molekuli yake ina mikono mitatu, na mikono hiyo inaposhikana na ya jirani hutokea wavu ambao mchora hina angeuonea wivu. Na ulikuwamo mchoro wa insulini.

Hapa naomba ndugu msomaji anivumilie, kwani sijui nyumba nyingi za pwani zisizo na mgonjwa wa sukari. Mama yangu mzazi alijichoma sindano ya insulini kwa miaka mingi, na kichupa chake kilikaa mlangoni mwa friji kando ya achari. Kumbe kile kilichokuwa ndani ya kichupa kina sura. Aliyetoa mchoro wake alikuwa Dorothy Hodgkin, mwanamke aliyezaliwa Cairo mwaka 1910. Mama yake, Grace Crowfoot, alikuwa bingwa wa vitambaa vya kale, na ufundi wa kusokota na kufuma alijifunza kwa wanawake wa Sudan, ambako mumewe alifanya kazi. Dorothy mwenyewe alipokuwa na miaka 18 aliwafuata wazazi wake Jerash, katika nchi iitwayo leo Jordan, ambako magofu ya kale yalikuwa yakichimbuliwa. Kazi aliyopewa ilikuwa kuchora nakshi za vijiwe vya rangi zilizotandazwa sakafuni, marudio kwa marudio, na aliendelea kuikamilisha kwa muda mrefu baada ya kurudi Uingereza.

Huyo ndiye aliyepiga picha ya kwanza ya fuwele ya insulini kwa eksirei mwaka 1935. Umbo lake kamili alilipata mwaka 1969, baada ya miaka 34, mikono yake ikiwa imepindwa na ugonjwa wa viungo tangu ujanani. Katikati ya safari hiyo alilea watoto watatu, na mwaka 1964 alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya penisilini na vitamini B12. Gazeti moja likamtangaza kuwa ni mama wa nyumbani aliyeshinda tuzo. Sijaamua kama nicheke au nikasirike.

Ukihesabu miaka utagundua kwamba mwaka 1951, karatasi ya ukutani yenye nakshi ya insulini ilipochapwa na kampuni ya John Line, mwenyewe Hodgkin alikuwa bado hajalijua umbo la insulini. Himoglobini vivyo hivyo. Perutz alilipata umbo lake mwaka 1959. Watu walibandika ukutani elimu ambayo haijakamilika, ramani ya nchi ambayo hakuna aliyekwishafika. Kwangu hilo ndilo linalozifanya nakshi hizi zisiwe mapambo matupu.

Makumbusho ya Victoria and Albert, kule South Kensington, yana sampuli za kundi hili katika hazina yake, na picha zake zinatazamika hata kwa simu. Tulikaa na mpwa wangu kwenye ukumbi wa chai wa makumbusho, mtoto amelala, tukazipitia moja moja. Si zote nzuri. Nyingine zilinikumbusha kurasa za kitabu cha jiografia, na nyingine zimejazwa mistari hadi jicho halipati pa kupumzika. Inaonekana baadhi ya wabunifu waliogopa kugusa mchoro wa wataalamu, wakaubandika ulivyo. Kuheshimu elimu si kuacha kufanya kazi.

Aliyenipendeza ni Marianne Straub, mfumaji mzaliwa wa Uswisi, aliyebuni pazia liitwalo Surrey kwa kiwanda cha Warner. Yeye aliichukua ramani ya madini iitwayo afwilaiti, ambayo Megaw mwenyewe aliitafiti, akaikuza mpaka miviringo yake ikawa mikubwa na tulivu, na badala ya kuichapa akaifuma, kwa sufu, pamba na rayoni, ili nyuzi zenyewe ziipe mnyanyuko. Mistari aliyoiona haina kazi aliipunguza. Ukitundika pazia hilo leo katika nyumba ya Tudor au Old Town hakuna atakayeuliza ni la mwaka gani. Madini yenyewe, afwilaiti, yaligunduliwa katika machimbo ya almasi ya Kimberley, Afrika Kusini. Basi pazia lililowapamba watu wa London lilikuwa na asili yake katika jiwe la bara letu. Hilo mpwa wangu alilipenda kuliko yote.

Maonyesho yalipokwisha serikali ilibadilika, na majengo mengi ya uwanja ule yakavunjwa. Jumba la muziki likabaki. Viwanda havikuendelea sana na nakshi za fuwele; mitindo ilikwenda kwingine, na vitambaa vikalala makabatini hadi mwaka 2008 vilipotolewa tena katika maonyesho ya Wellcome Collection jijini humo.

Nikiwa katika kuzitazama picha hizo niliwaza juu ya sanduku langu la leso. Jambo la kwanza lilikuwa hili: katika vitambaa vyote vile hapakuwa na ndege wala mnyama. Wengi wetu hatupendi kusimama kuswali na nguo yenye picha ya kiumbe, na kila mwenye binti anajua ilivyo taabu kupata kitambaa cha kisasa kisicho na paka, kipepeo au uso wa mtu. Nakshi hizi zina uhai wote wa maumbile bila sura ya kiumbe. Ni jamaa wa karibu wa zile nakshi za milango na mihirabu yetu, ambazo nazo zimejengwa juu ya marudio.

Jambo la pili lilinikera kidogo. Leso zetu zimechapwa Uholanzi, zikachapwa Japani, zikachapwa India. Wafanyabiashara wetu wa Mombasa walichagua, na bibi zetu walisusia wasichokipenda mpaka mzigo ukaoza dukani, kwa hiyo hatukuwa wanyonge kabisa. Maneno ya jina tumeyatoa sisi. Lakini mkono ulioshika kalamu ya kuchora mji na pindo aghalabu ulikuwa mkono wa mtu ambaye hajawahi kuiona Mombasa. Na kuchora si kazi ndogo ya mwisho. Ndiyo kazi inayolipwa.

Niliporudi nyumbani nilimweleza hayo binti ya kaka yangu, ambaye mwaka huu anachagua njia ya kusomea katika sekondari ya juu. Babake anataka sayansi. Yeye anachora tangu alipojua kushika chaki, na darasani ni mwepesi wa baiolojia pia, kwa hiyo nyumba imegawanyika. Sikutaka kuingia katikati ya kaka yangu na mwanawe. Nilimpa tu kifuko cha mchanga wa Nyali na lenzi ndogo ya kubana kwenye simu.

Mchanga mweupe wa fuo zetu si mawe matupu. Sehemu yake kubwa ni vipande vya matumbawe na makombe, na ndani yake mna magamba ya viumbe wadogo wa baharini waitwao foraminifera, ambao mwili wao wote ni seli moja. Kiumbe akifa gamba hubaki. Mengine yamejiviringa kama konokono, mengine ni bapa kama sarafu yenye vyumba vilivyozungushwa safu kwa safu. Binti aliuosha mchanga kwa maji ya bomba, akauanika juu ya karatasi nyeusi, akautenga kwa ncha ya sindano. Mpaka magharibi alikuwa na magamba 11 na shingo inayouma. Mamake akauliza kama kuchora magamba hayo si kuchora kiumbe. Binti akajibu kwamba ni kama kuchora kombe tupu. Hata hivyo tumekubaliana kuwauliza wajuao.

Kuligeuza gamba kuwa kitambaa kulichukua wiki tatu. Njia niliyomfundisha ni ya zamani na haihitaji kompyuta. Unachora katikati ya karatasi ya mraba bila kugusa kingo. Unaikata karatasi wima katikati, unabadilisha nusu zake, ya kulia inakwenda kushoto, unaziunga kwa gundi. Kisha unaikata mlalo na kufanya vilevile. Sasa mchoro wako umekimbilia pembeni na katikati pamebaki wazi, pajaze. Karatasi hiyo ukiirudia utakavyo, kingo zitakutana zenyewe. Mara ya kwanza alijaza sana, kama wale wabunifu wa London walioogopa kuacha nafasi. Mara ya tatu alifuta nusu ya mistari, na hapo ndipo niliponyamaza.

Nakshi ya namna hiyo inafaa dera na mapazia, maana jora halina mwanzo wala mwisho. Leso ina sheria nyingine. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, ina jina chini ya mji, na huuzwa doti. Marudio matupu yakijaa leso nzima, leso hugeuka kitambaa cha meza. Binti akaamua magamba madogo yaende kwenye pindo, na lile bapa kama sarafu alikuze liwe mji, peke yake, kwa rangi tatu tu, kwa sababu kila rangi ni skrini yake na kila skrini ni gharama. Kaka yangu aliitazama karatasi kwa muda, akauliza vile vyumba vya gamba ni vingapi na kwa nini vinaongezeka ukubwa kuelekea nje. Binti akamweleza kwa dakika 20. Kuhusu ile fomu ya shule bado hawajaafikiana.

Tuliupeleka mchoro kwa mwenye duka mmoja wa Mtaa wa Biashara anayeagiza leso zake India. Aliuweka kwenye mwanga, akaugeuza juu chini, akasema mji umekaa, ila pindo lipunguzwe upana. Malipo ya mchoro tutayazungumza. Lakini alisema wanawake hununua leso kwa jina, nao mji huu hauna jina bado. Tumletee kabla ya mwezi wa Rajabu, kwa sababu mzigo wa Idi huagizwa mapema.